Kivoi na Mlima Mtakatifu

Katika nchi ya Ukambani, kutoka Kyuso na vilima vya Mumoni hadi Kitui, kilima hakikuwa mawe na udongo tu. Penye miti mikubwa iliyokatazwa kukatwa palikuwa na ithembo, mahali pa kuombea, na mvua ilipokawia wazee walipeleka huko mbuzi na vyakula vya kafara. Baniani wa Gujarat apandaye vidato vipatavyo 10,000 vya mlima Girnar kwenda kuabudu angewaelewa wazee hao bila mkalimani.

Katika nchi hiyo aliishi Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa karne ya 19. Aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa. Hakuwa mtawa, alimiliki watumwa na alipenda faida. Lakini alizijua njia, na alijua kwamba ng'ambo ya Tana upo mlima wenye kilele cheupe, ule ambao Wakikuyu, Waembu na Wameru waliuelekea walipomwomba Mungu.

Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika kwake Kitui. Kivoi alimpa habari za mlima huo, na tarehe 3 Desemba mawingu yalipotawanyika Krapf aliuona kwa mbali. Wako mabingwa wa jiografia huko London waliombishia, wakiona theluji kwenye ikweta kuwa ndoto, mpaka Joseph Thomson alipouona naye mwaka 1883. Hata jina Kenya, ambalo sasa ni la taifa zima, latokana na matamshi ya Wakamba.

Hata hivyo, vizazi vya wanafunzi wetu vimekaririshwa kwamba Krapf aligundua Mlima Kenya. Hekalu hugunduliwaje na mgeni, ilhali waumini wamo wakisali? Mwalimu aandike ubaoni kwamba Krapf alielekezwa, na jina la aliyemwelekeza liandikwe pia, tena kwa herufi zilezile.

Maana maelekezo hayo hayakuwa ya mdomo tu. Agosti 1851 wawili hao walikuwa njiani kwenda Tana walipovamiwa karibu na mto, na Kivoi akauawa. Krapf alitangatanga nyikani kwa njaa na kiu, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Aliporudi, jamaa za Kivoi walimtwika lawama ya kifo hicho. Alitoroka usiku, na hatimaye akafika Rabai.