Mary Mahoney, Dobi Aliyekuwa Muuguzi

Watu wengi hudhani kwamba mtu akiisha kuzoea kazi moja, wakati wa kusomea nyingine umekwisha kumpita. Maisha ya Mary Eliza Mahoney yatuonyesha kuwa sivyo.

Mary alizaliwa mwaka 1845 katika mji wa Boston, Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa huko North Carolina, nao walipopata uhuru walihamia kaskazini. Tangu ujana wake Mary alitamani kuuguza wagonjwa. Lakini siku zile nchi yao haikuwa na shule za kufundisha wauguzi, na kazi nyingi nzuri hazikutolewa kwa watu weusi.

Basi akaajiriwa katika hospitali ya wanawake na watoto iitwayo New England Hospital, iliyoanzishwa mwaka 1862 na daktari mwanamke, Marie Zakrzewska. Huko alipika, alifua nguo na kusugua sakafu, na mara nyingine aliwasaidia wauguzi. Yapata miaka 15 alikuwa katika kazi hizo.

Mwaka 1872 hospitali hiyo ikaanza kufundisha wauguzi. Sasa Mary alikuwa na njia mbili. Aliweza kwenda kuuguza watu majumbani bila cheti, kwa maarifa aliyoyaokota kazini, kama walivyofanya wanawake wengi wakati ule. Au aliweza kuingia shuleni na kuanza mwanzo. Njia ya kwanza ilikuwa fupi. Mary akachagua ya pili. Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 33, alipokewa kuwa mwanafunzi.

Masomo yalichukua miezi 16, nayo yalikuwa magumu. Wanafunzi walifanya kazi wodini tangu alfajiri mpaka usiku, wakawahudumia wagonjwa, waliopasuliwa na wazazi, na tena wakahudhuria mafundisho ya madaktari. Mwishowe walipelekwa majumbani kuuguza. Katika wanafunzi 42 walioanza, ni 4 tu waliomaliza mwaka 1879. Mary alikuwa mmoja wao, akawa mtu mweusi wa kwanza Marekani kupata cheti cha uuguzi.

Hata hivyo ubaguzi haukwisha. Mary aliuguza wagonjwa katika nyumba za matajiri, na sifa zake zikaenea hata majimbo ya mbali. Wengine walitaka kumfanya mtumishi wa nyumba, lakini yeye alishika kazi ya mgonjwa wake tu, akala chakula chake peke yake, ili wajue kwamba amekuja kwa elimu yake.

Mwaka 1908 wauguzi weusi waliunda chama chao, na mwaka 1909 Mary aliwahutubia katika mkutano wao wa kwanza, mjini Boston. Alifariki tarehe 4 Januari, 1926.

Wanafunzi wenzangu, Mary hakuidharau sufuria wala beseni la kufulia. Humo ndimo alimoijua hospitali. Lakini pia hakudhani kwamba kuizoea kazi ni sawa na kuisomea. Nasi wazazi wetu wanapotuuliza tutasoma nini baada ya hapa, au dada aliye kazini anapotaka kurudi darasani, tumkumbuke dobi yule wa Boston. Tusiulize ipi ni njia fupi, bali ipi itatufikisha.