Matt Busby: Kutoka shimo la makaa hadi ubingwa wa Ulaya

MASHABIKI wengi wa Manchester United ukiwauliza kocha bora wa klabu yao, jibu ni Sir Alex Ferguson. Sawa, lakini kabla yake alikuwepo mzee mwingine wa Scotland, Sir Matt Busby, na huyo ilibaki kidogo tu soka la England limkose.

Busby alizaliwa Mei 26, 1909 huko Orbiston, kijiji cha wachimba makaa ya mawe jirani na Bellshill, Lanarkshire, katika nyumba ya vyumba viwili. Familia yake ilikuwa ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland, kama familia kibao za eneo hilo.

Miaka ya 1840 ugonjwa uliozesha viazi, chakula kikuu cha maskini wa Ireland. Watu karibu milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi, wengine zaidi ya hao wakapanda meli. Waliovukia Scotland wakakuta migodi na viwanda vya chuma vinahitaji watu. Kazi ilikuwa ya hatari, mshahara kiduchu, na wenyeji wengi hawakuwataka. Kimbilio likawa kanisa na mpira. Hibernian (1875) na Celtic (1887) zilianzishwa na wahamiaji hao hao.

Baba yake Matt, Alexander, alikuwa mchimba makaa. Vita ya Kwanza ya Dunia ikampeleka Ufaransa, na Aprili 1917 akauawa na mdunguaji kule Arras. Matt alikuwa na miaka saba. Mama yake, Nellie, akabaki na yeye na mabinti watatu.

Alipokua, Matt naye akashuka mgodini. Mama akaomba vibali wahamie Marekani, safari nyingine ya meli kwa ukoo uliokwisha kuvuka bahari mara moja. Vibali vikachukua miezi. Katika kusubiri huko dogo akawa anapiga mpira Denny Hibs, timu ndogo tu. Februari 1928 Manchester City wakamnasa kwa mkataba wa mwaka mmoja, pauni 5 kwa wiki, wenye kipengele cha kumwachia aende Marekani na mama yake ukiisha, kama bado anataka.

Akaamua kubaki. Mwaka 1934 akabeba Kombe la FA na City, na 1936 akatua Liverpool.

United walimkabidhi timu 1945, Old Trafford ikiwa magofu kwa mabomu ya Wajerumani. Akajenga kikosi cha vijana, akatwaa ligi 1952, 1956 na 1957. Ndipo Februari 6, 1958 ndege yao ikaanguka Munich. Watu 23 walifariki, wakiwemo wachezaji wanane. Busby mwenyewe alipewa mpako wa wagonjwa mara mbili.

Hakufa. Alirudi kazini, akaanza kujenga upya. Mei 29, 1968, pale Wembley, United wakaichapa Benfica 4-1 baada ya dakika 120 na kuwa timu ya kwanza ya England kubeba Kombe la Ulaya. Kikosini walikuwemo George Best wa Belfast na Tony Dunne wa Dublin.

Busby alifariki Januari 20, 1994 akiwa na miaka 84. Barabara inayopita mbele ya Old Trafford inaitwa Sir Matt Busby Way.