Unamjua Koitalel. Je, walioandamana na muuaji wake?

Kama umewahi kufika Ainabkoi, reli umeiona. Ilipita hapo ikapanda hadi Eldoret mwaka wa 1924. Kufikia siku hiyo, mtu aliyewasumbua Waingereza kwa karibu miaka 10 alikuwa kaburini tangu 1905. Jina lake unalijua toka darasa la nne: Koitalel arap Samoei. Lakini ukiulizwa zaidi ya jina, je, una la kusema?

Haya, tumfuatilie basi.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1860, mwana wa Kimnyole arap Turukat, Orkoiyot wa Wanandi. Orkoiyot hakuwa chifu wala mfalme. Alikuwa kiongozi wa kiroho kutoka ukoo wa Talai, na vijana wa vita hawakutoka bila baraka zake. Wazee husimulia kwamba Kimnyole alitabiri kuja kwa nyoka wa chuma anayetema moshi. Mwaka wa 1890 Wanandi wenyewe walimuua, wakimlaumu kwa balaa zilizowaandama. Usisahau hilo. Kisha wanawe wakagombania kiti. Koitalel akashinda, na ndugu yake Kipchomber akakimbilia kwa Wakipsigis.

Nyoka naye akaja kweli. Reli ilianza Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, ikipita mpakani mwa nchi ya Wanandi. Vijana wa Koitalel walivamia kambi na kubeba vyuma, na nyaya za simu wakazifanya mapambo. Waingereza walituma msafara mmoja wa kijeshi baada ya mwingine, wasimmalize.

Ndipo afisa mmoja, Richard Meinertzhagen, akaomba mazungumzo ya amani. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel alikuja. Meinertzhagen akampiga risasi, na waliokuwa naye wakauawa. Afisa huyo alijitetea kuwa alivamiwa kwanza, na uchunguzi wa jeshi ukamsafisha. Huyo huyo ndiye aliyekuja kugunduliwa, miaka mingi baada ya kufa, kuwa aliiba ndege waliokaushwa katika makumbusho na kuwabandika habari za uongo. Pima mwenyewe neno lake.

Sasa swali gumu. Unadhani Meinertzhagen alienda pale peke yake? Maofisa Wazungu walikuwa wachache. Wengi walioshika bunduki katika vita ile walikuwa Waafrika: askari wa King's African Rifles, wakiwemo Wasudani, na pia wapiganaji wa Kimaasai. Hao nao walioa, wakazaa, na wana vitukuu leo. Pengine mmoja ni jirani yako. Pengine ni wewe.

Kabla hujaona aibu, sikia hili. Mwaka wa 1897, hapo Eldama Ravine, si mbali na Ainabkoi, askari Wasudani waliwaasi Waingereza. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizoisha na malipo duni. Manake aliyeshika bunduki ya mkoloni naye alikuwa na kilio chake. Vizazi vya askari kama hao ndio Wanubi unaowajua Kibera na huko Ravine.

Hiyo haifuti kilichofuata. Baada ya Koitalel kuuawa, Wanandi walisukumwa kwenye eneo walilotengewa, na ardhi nzuri ikaenda kwa walowezi. Mwaka wa 1908 Makaburu, waliotoka kushindwa vita kwao Afrika Kusini, wakapanda na magari ya ng'ombe hadi Uasin Gishu. Mwanawe Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa 1923 akaachiliwa 1964. Mandela alifungwa miaka 27. Hebu fanya hesabu. Ukoo wa Talai nao ulihamishiwa Gwassi miaka ya 1930.

Fimbo za uongozi za Koitalel zilirudi Kenya 2006, zikitoka mikononi mwa mwana wa Meinertzhagen. Kichwa je? Jamaa zake wanaamini kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na bado wanakidai.

Wewe una bahati: unayemtafuta hayuko ng'ambo. Ukienda ushago Disemba, kaa na nyanya umuulize jina la baba ya babu, kazi aliyofanya, na alikuwa wapi vita vilipopiganwa. Andika, hata kwa simu. Kisha tembelea makumbusho ya Koitalel kule Nandi Hills. Ukisikia babu alikuwa askari wa mkoloni, usibadilishe hadithi ukifika mjini. Familia ya Koitalel imesubiri zaidi ya miaka 100 kuambiwa ukweli wote, na huenda kipande chake kimoja kiko kwenu, kwa nyanya ambaye hakuna aliyemuuliza.