Samuel Griffith: Jaji wa Queensland aliyetuandikia maana ya wizi

Msimu wa korosho unapoanza, kwenye mwezi wa Oktoba, neno mwizi huwa jepesi mdomoni Masasi na Newala. Aliyeokota korosho chini ya mkorosho wa jirani ni mwizi. Mnunuzi wa kangomba ni mwizi. Aliyevuna shamba ambalo binamu zake wanadai ni lao, naye ni mwizi. Lakini kiongozi wa chama akitumia fedha za wakulima kwa nia ya kuzirudisha baadaye, watu husema amezikopa tu.

Ndugu msomaji, sheria ya nchi ina jibu lake kwa kila mmoja wa watu hawa, na majibu hayo si yale tunayoyasikia vijiweni. Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba majibu hayo hayakutungwa Dodoma wala Dar es Salaam. Kwa sehemu kubwa yaliandikwa kabla ya mwaka 1900 katika koloni la Queensland, Australia, na jaji mmoja aliyeitwa Samuel Walker Griffith. Wanasheria wanamjua. Sisi tunaohukumiwa kwa maneno yake hatumjui, na ndiyo maana nimeona tumzungumzie leo.

Griffith alizaliwa tarehe 21 Juni 1845 katika mji wa Merthyr Tydfil, Wales. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1853 familia ilihamia Australia, na kijana Samuel akasoma hadi Chuo Kikuu cha Sydney, alikopata shahada mwaka 1863. Mwaka 1865 alipata ufadhili wa kusafiri, akazunguka Ulaya na kuipenda sana Italia na lugha yake. Mapenzi hayo yalikuja kuwa na faida kubwa baadaye, kama tutakavyoona.

Aliporudi alikuwa wakili mwaka 1867, mbunge mwaka 1872, na mwanasheria mkuu wa serikali mwaka 1874. Alikuwa Waziri Mkuu wa Queensland mara mbili, kuanzia 1883 hadi 1888, na tena kuanzia 1890 hadi 1893. Hakuwa malaika. Alipoingia madarakani alipinga biashara ya kuwachukua watu wa visiwa vya Pasifiki kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na mwaka 1885 akapitisha sheria ya kuikomesha ifikapo mwisho wa 1890. Mwaka 1892, wenye mashamba walipobana, akageuka na kuiruhusu tena.

Mwaka 1893 aliacha siasa akawa Jaji Mkuu wa Queensland. Hapo ndipo alipofanya kazi inayotuhusu. Sheria ya jinai ya Kiingereza wakati huo ilikuwa imetawanyika. Sehemu ilikuwa katika sheria za bunge, sehemu katika hukumu za majaji wa zamani, na hata mwanasheria mzoefu aliweza kupotea humo. Griffith aliona kwamba si haki kumfunga mtu kwa sheria ambayo hawezi kuisoma. Akakaa na kuandika kanuni moja ya makosa na adhabu. Alitumia rasimu ya Kiingereza ya mwaka 1880 ambayo Uingereza yenyewe ilishindwa kuipitisha, akatazama kanuni ya New York, na kwa kuwa alijua Kiitaliano, akasoma kanuni mpya ya adhabu ya Italia ya mwaka 1889. Rasimu yake aliikabidhi mwaka 1897, ikapitishwa mwaka 1899, na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1901.

Sasa tuangalie alivyolishughulikia suala la wizi. Waingereza wa zamani walihesabu kuwa mwizi ni yule anayeondoa kitu mikononi mwa mwenyewe. Kama mwenye mali alikukabidhi kwa hiari yake, kisha ukaila, majaji walipata taabu kukuita mwizi, na bunge likalazimika kutunga makosa mengine kila mara ili kuziba matundu. Griffith aliunganisha yote. Akasema mwizi ni mtu anayechukua kitu kwa hila na bila dai la haki, au anayekigeuza kuwa chake au cha mwingine kitu alichokuwa nacho mkononi tayari. Kwa hiyo mshika fedha anaweza kuwa mwizi sawasawa na aliyevunja dirisha.

Wasomaji waliosoma fiqhi wataona tofauti hapa. Mafakihi waliiwekea sariqa masharti mazito: mali ichukuliwe kwa siri, itoke katika hirzi, yaani mahali inapohifadhiwa, ifikie nisabu, na pasiwe na shubha yoyote. Aliyehini amana walimtenga na mwizi, wakamwachia kadhi amwadhibu kwa taaziri. Griffith aliwaweka katika kundi moja. Lakini katika jambo moja njia hizi mbili zinakutana: mtu haitwi mwizi mpaka kila sharti litimie.

Masharti ya Griffith ni haya. Kwanza, kiwe kitu kinachoweza kuibiwa, yaani mali ya mtu, inayohamishika au inayoweza kuhamishwa. Korosho ikiwa bado mtini ni sehemu ya mti, na mti ni sehemu ya ardhi. Inapotunguliwa au kudondoka inakuwa kitu cha kuibiwa, hata kama aliyeitungua ndiye huyo huyo mwizi. Pili, kiwe kimesogezwa, japo kidogo, au kimegeuzwa matumizi. Tatu, pawe na hila. Nne, mchukuaji asiwe na dai la haki.

Katika hila ndipo alipowabana wajanja. Alieleza nia zinazoufanya uchukuaji kuwa wa hila: kumnyima mwenye mali moja kwa moja, kuiweka rehani, kuitumia kiasi kwamba haiwezi kurudi kama ilivyokuwa. Na kuhusu fedha, aliandika kwamba kuzitumia utakavyo ni hila hata kama ulikusudia kumlipa mwenyewe baadaye. Kwa hiyo yule kiongozi wa chama anayesema amekopa fedha za wakulima bila ruhusa hana kinga katika sheria hii. Nia ya kurudisha haimwokoi.

Katika dai la haki ndipo alipowalinda wanyonge. Mtu aliyechukua kitu akiamini kwa dhati kwamba ni chake, bila kukusudia kudhulumu, si mwizi, hata kama baadaye itaonekana kwamba alikosea. Ndugu wawili wanaogombea mikorosho ya marehemu mjomba wao wana mgogoro wa umiliki. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mgogoro wa namna hiyo utatuliwe kwanza kwa njia ya madai. Kumfungulia ndugu yako kesi ya wizi ili umfukuze shambani ni kuitumia polisi kama fimbo.

Na muokotaji je? Griffith hakumsahau. Aliyeokota kitu kilichopotea, hamjui mwenyewe, na ana sababu za maana za kuamini kwamba hawezi kupatikana, huyo si mwizi. Lakini korosho zilizo chini ya mkorosho wa jirani hazijapotea. Mwenyewe anajulikana.

Kangomba nayo ni jambo jingine. Mkulima mwenye shida ya chakula au ada ya shule anauza korosho zake kwa kipimo na bei ya kunyonywa, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza huku mwaka 2007. Taratibu za zao hilo zinakataza biashara hiyo, na ina madhara makubwa. Hata hivyo mwenye mali ametoa kwa ridhaa yake, kwa hiyo jina la wizi halikai hapo. Mnunuzi akitumia mizani ya uongo au maneno ya uongo, hilo ni kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Akitumia nguvu au vitisho, ni unyang'anyi. Akiwa na silaha, ni unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao kwetu Tanzania kifungo chake hakipungui miaka 30, wakati wizi wa kawaida ni kifungo kisichozidi miaka 7. Aliyenunua magunia akijua yameibiwa ana kosa la kupokea mali ya wizi. Aliyeikata mikorosho ya mwenzake kwa chuki ameharibu mali. Kila kosa lina jina lake na ushahidi wake, na mlalamikaji anayekosea jina anaweza kushindwa kesi.

Maneno haya yalitufikiaje? Kanuni ya Queensland ilichukuliwa kama mfano Nigeria ya Kaskazini mwaka 1904, na mwaka 1916 ikaenea Nigeria nzima. Tanganyika, baada ya kuondoka Mjerumani, ilikuwa ikitumia kanuni ya adhabu ya India. Mwaka 1930 Waingereza wakaleta kanuni mpya hapa, Kenya na Uganda, yenye asili ya Queensland. Hiyo ndiyo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungu cha wizi ambacho mawakili wetu kwa miaka mingi wamekiita 258 kina sentensi za Griffith karibu neno kwa neno.

Griffith mwenyewe hakuona hayo ya 1930. Mwaka 1903 aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Australia. Mwaka 1908 alitoa tafsiri yake ya Inferno ya Dante. Alipata kiharusi mwaka 1917, akastaafu 1919, na akafariki Brisbane tarehe 9 Agosti 1920. Chuo kikuu kimoja huko kina jina lake.

Lipo jambo moja gumu katika urithi wake. Kwa kuwa kitu cha kuibiwa ni lazima kihamishike, ardhi haimo. Wenyeji weusi wa Queensland walikuwa wamenyang'anywa ardhi yao yote mbele ya macho ya serikali alizoziongoza, na sura yake ya wizi haikuwa na neno la kusema juu ya hilo. Sheria safi inaweza kuandikwa juu ya dhulma ambayo haikuguswa. Nasi tuliotawaliwa tunalielewa hilo.

Pamoja na hayo, alichokitaka ni kwamba raia aijue sheria kabla ya kuhukumiwa nayo. Kwetu, kanuni hiyo ilikaa kwa Kiingereza tangu 1930, na ni mwaka 2021 tu ndipo Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Katika miaka hiyo yote wapo Watanzania waliopigwa na kuchomwa moto kwa kelele ya mwizi, bila mtu kuuliza kama kitu kilikuwa cha nani, kama kilisogezwa, au kama aliyekishika alikuwa na dai. Wanaofanya hivyo wanatenda kosa la kuua, na kelele ya umma haiwaondolei hatia.

Kwa hiyo viongozi wa vijiji, walimu, maimamu na vyama vya msingi wa Masasi na Newala waisome sura hii ya wizi kwa Kiswahili na kuwasomea watu kabla msimu haujaanza. Mkulima akiijua, atamdai kiongozi wake hesabu ya fedha bila woga, na atamshika mkono jirani anayetaka kurusha jiwe.