Padre Angelo Secchi, Mjesuiti Aliyelichunguza Jua

Wapo vijana wetu wanaodhani kwamba anayesoma sayansi sharti aiweke imani kando. Tukiwa na neno la kuwaambia, na tuwasimulie habari za Padre Angelo Secchi, aliyesimika darubini zake juu ya kanisa.

Alizaliwa Reggio Emilia, Italia, tarehe 28 Juni 1818, akajiunga na Shirika la Yesu akiwa na umri wa miaka 15. Alipewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1847. Mwaka uliofuata Wajesuiti walifukuzwa Roma, naye akaenda uhamishoni Stonyhurst, Uingereza, kisha Georgetown, Marekani. Aliporejea, alikabidhiwa kituo cha elimu ya nyota cha Collegio Romano, akakijenga upya juu ya Kanisa la Mtakatifu Ignasi.

Wakati huo wataalamu walibishana juu ya ndimi nyekundu zinazoonekana jua linapopatwa: je, ni za jua, ni za mwezi, au macho yanadanganyika? Tarehe 18 Julai 1860, Padre Secchi alipiga picha za kupatwa kwa jua huko Hispania. Mwingereza Warren De la Rue alipiga zake mahali pengine katika nchi hiyohiyo. Picha zilipolinganishwa, maumbo yalikuwa yaleyale. Ndimi zilikuwa za jua.

Baadaye alizichunguza kwa miaka mingi, akazigawa katika makundi mawili: zinazolipuka na kutoweka upesi, na zilizo tulivu, zinazoelea kama mawingu. Kwa nini hizo tulivu hazianguki, ilhali gesi yake ni nzito kuliko ile inayozizunguka? Yeye, aliyepima hata usumaku wa dunia, hakuishi kuliona jibu. Mwaka 1908 George Ellery Hale aligundua usumaku katika madoa ya jua, na wataalamu waliomfuata wakaeleza kwamba uga wa sumaku, usioonekana kwa macho, huishikilia gesi hiyo kama machela inavyombeba mgonjwa.

Majaribu hayakumwacha. Roma ilipotwaliwa mwaka 1870, serikali mpya iliichukua Collegio Romano. Padre Secchi hakulikana Shirika lake wala Baba Mtakatifu Pius IX, wala hakuiacha darubini. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki Roma, tarehe 26 Februari 1878.

Sisi nasi tusiwalazimishe watoto wetu kuchagua kati ya maabara na altare. Padre huyu alivitumikia vyote viwili, akaandika kwa uaminifu alichokiona, na maswali aliyoshindwa kuyajibu akawaachia watakaokuja nyuma yake. Mwenyezi Mungu, Muumba wa jua na nyota, ampe pumziko la milele.