Kepler na dakika nane

Karibu kila Jumapili tunaomba hekima na maarifa. Lakini uwezo wa kuwaza, ule wa kuona moyoni jambo ambalo macho hayajaliona, hatuuombei. Pengine tunaudhania kuwa mali ya watoto na watunga hadithi. Yupo Mkristo mmoja aliyejaliwa vyote viwili, na ilimgharimu kujua kipi kikisikilize kingine.

Johannes Kepler alizaliwa mwaka 1571 huko Weil der Stadt, Ujerumani. Ndui ya utotoni ilimwachia macho dhaifu, yeye aliyekuja kutufundisha njia za sayari! Alisomea teolojia Tübingen akitamani uchungaji, lakini mwaka 1594 akatumwa Graz kufundisha hesabu. Hakufurahi.

Julai 1595, akichora maumbo mbele ya wanafunzi, wazo likamjia. Sayari zilizojulikana wakati ule zilikuwa sita, kwa hiyo nafasi kati yake ni tano. Na maumbo manene ambayo nyuso zake zote zinalingana, kama mchemraba, ni matano tu. Basi Mungu, akawaza, alizipanga mbingu kwa maumbo hayo! Akamwandikia mwalimu wake kwamba alikuwa amehuzunika kwa kukosa uchungaji, ila sasa anaona Mungu anatukuzwa hata kwa elimu ya nyota. Mwaka 1596 akalitolea kitabu.

Wazo lilikuwa zuri mno. Lilihitaji vipimo, na vipimo bora alikuwa navyo Tycho Brahe, aliyepima mbingu kwa miaka mingi bila darubini. Mwaka 1600 Walutheri waliokataa kubadili dhehebu walifukuzwa Graz. Kepler akaondoka na familia yake, akaenda kufanya kazi na Tycho huko Praha. Mwaka uliofuata Tycho akafariki, na kazi ile ikabaki mikononi mwa Kepler.

Akaanza na Mirihi. Baada ya hesabu alizozirudia, kwa maneno yake, mara 70, alipata njia ya duara iliyokubaliana na vipimo, isipokuwa mahali pachache palipopishana kwa dakika nane. Hizi si dakika za saa. Digrii moja ya duara ina dakika 60, na nane ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu tunavyouona. Wengi kabla yake wangesamehe. Yeye aliona kwamba Mungu aliwapa mtu makini kama Tycho, na kuvidharau vipimo vyake ni kukosa shukrani. Akaitupa kazi yote ile.

Hakuacha kuwaza, na hapa ndipo ninapompenda zaidi. Alijiweka moyoni juu ya Mirihi, akaitazama Dunia kutoka kule, ili apate njia ya Dunia yenyewe kwanza. Kisha akajaribu umbo la yai, likakataa. Mwishowe akafika kwenye duaradufu, duara lililobanwa kidogo, akalitangaza mwaka 1609. Kwa karibu miaka elfu mbili wenye elimu walikuwa wameamini kwamba mbinguni hakuna mwendo ila wa duara.

Baadaye majirani wa mama yake nao walikuwa wakiwaza. Jirani akiugua, mnyama akifa, walimtaja Katharina. Alishtakiwa kwa uchawi, akafungwa kwa minyororo muda wa miezi 14, akatishwa kwa kuonyeshwa vyombo vya mateso. Sisi tuliosikia vikongwe wakinyooshewa vidole kwa sababu ya macho mekundu hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kepler aliacha kazi, akasafiri kumtetea, akachukua shutuma moja moja na kuonyesha jinsi ugonjwa au ajali ya kawaida ilivyotosha kuieleza. Mama aliachiliwa Oktoba 1621, akafa mwaka uliofuata.

Mwaka huohuo wa 1621 Kepler alikitoa upya kile kitabu chake cha ujana. Maumbo yale matano hayakuwahi kulingana sawasawa na vipimo, ingawa hakuacha kuyapenda. Maneno ya zamani hakuyafuta. Aliyaacha yalivyo, akaongeza maelezo yake, akimwonyesha yule kijana wa Graz mahali alipokosea.