Ludwig Krapf: Mwanafunzi wa Mvita aliyefanywa mwanzilishi

Wanafunzi wa shule zetu za Likoni, Kisauni na Changamwe hulikariri jina la Johann Ludwig Krapf pamoja na mambo mawili: kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, na kwamba ndiye aliyekipa Kiswahili maandishi. La kwanza ni kweli, ingawa limepewa uzito kupita linavyostahili. La pili si kweli, na ingefaa walimu wenzangu tuache kulisema. Maisha ya bwana huyu yana mengi ya maana zaidi ya hayo, na aghalabu ndiyo tunayoyaruka darasani.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Alisomea kazi ya umisionari huko Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na chama cha Church Missionary Society cha London. Mwaka 1837 alipelekwa Uhabeshi. Huko alijifunza Kiamhari, na katika ufalme wa Shoa akaanza kujifunza lugha ya Waoromo, watu ambao Wazungu wa wakati ule waliwaita Wagalla. Alivutiwa nao mno. Aliamini kwamba taifa hilo kubwa likisha kupokea dini yake, Afrika ya Mashariki nzima ingefuata. Mwaka 1842 alitoka Shoa, na alipotaka kurudi akakuta mlango umefungwa. Hapo ndipo alipowaza kuwafikia Waoromo kwa njia ya kusini, yaani kupitia pwani yetu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu husahauliwa. Krapf hakuja Mombasa kukitafuta Kiswahili, wala hakuja kuwatafuta Waswahili. Alikuja kutafuta njia ya kwenda kwingine, na Kiswahili kikamkamata njiani.

Alifika Unguja Januari 1844. Sayyid Said bin Sultan, mtawala Mwislamu aliyejua wazi kazi ya mgeni wake, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei mwaka huohuo Krapf akatua Mombasa pamoja na mkewe Rosine, ambaye alikuwa mja mzito.

Haikupita miezi miwili. Homa iliwashika wote wawili, na mkewe akajifungua mtoto wa kike katika hali hiyo. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine alifariki, na siku mbili baadaye kitoto nacho kikamfuata. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, si kisiwani, karibu na njia waliyopitia watu wa bara walipokwenda mjini, ili kaburi lake liwakumbushe lililomleta. Basi akavushwa, akazikwa ng'ambo, upande huu wetu wa Nyali. Kaburi lipo hadi leo, likitazamana na kisiwa. Wengi wanaolipita kila siku hawajui ni la nani, na ni ajabu kwamba safari za wanafunzi kutoka Kisauni hupangwa kwenda mbali ilhali mahali hapa pako karibu.

Mjane huyo angeweza kurudi kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliwaandikia wakubwa wake wa London kwamba kaburi hilo liwe kwao alama ya kuwa kazi imeanza. Kisha akarudi mezani, kwenye tafsiri yake.

Tafsiri hiyo ndiyo nguzo ya habari yote. Mnamo tarehe 8 Juni 1844, kabla ya msiba, Krapf alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Alikuwa Mombasa kwa majuma machache tu. Mtu wa majuma machache hatafsiri, hutafsiriwa. Aliyemshika mkono alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Fikiri, msomaji: mwanachuoni wa Kiislamu, mwenye cheo mjini, akakaa na mgeni wa dini nyingine na kumwonyesha namna habari ya uumbaji inavyosemwa kwa Kiswahili fasaha. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki. Jina la Krapf limo katika vitabu vyetu vyote vya kiada. Jina la kadhi ni nadra kulikuta.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, alimfuata, na wote wawili wakahamia Rabai. Mwanafunzi wa Changamwe ana bahati hapa: akifuata barabara kuu hadi Mazeras na kukata kulia, atafika mahali penyewe, na kanisa la zamani la Rabai sasa ni makumbusho. Kutoka vilima hivyo Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, mwenyeji wa pwani, aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf naye, akiwa Kitui kwa mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba aitwaye Kivoi, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Kivoi ndiye aliyemweleza habari za mlima huo kabla hajauona. Kusema kwamba Krapf aliugundua ni kusema kwamba Wakamba, Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wakiishi chini yake wakiwa wamefumba macho. Huko London mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuukanyaga udongo wa Afrika ya Mashariki, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Wakati ulimwumbua.

Safari ya pili ya Ukambani, mwaka 1851, nusura imwue. Msafara ulishambuliwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, akayatia katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Safari hizi husimuliwa vizuri darasani, kwa hiyo sitazirefusha.

Linalosimuliwa vibaya ni habari ya maandishi. Mwaka 1850 Krapf alichapisha Tübingen kitabu cha sarufi ya Kiswahili, cha kwanza cha aina yake, pamoja na orodha ya msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinyika (jina ambalo wenyewe Wamijikenda hawalipendi), Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigalla. Alikwisha kung'amua kwamba lugha nyingi za pande hizi, ukiacha ya Waoromo, ni za ukoo mmoja ulioenea hadi Bahari ya Atlantiki. Jina la Kibantu lilikuja baadaye kwa kalamu ya Wilhelm Bleek, lakini jicho la Krapf lilikuwa limeuona udugu huo. Kwa mtu asiye na maktaba, mwenye homa kila mwezi, hiyo si kazi ndogo, na sisi wa taaluma ya isimu tuna wajibu wa kumvulia kofia.

Katika kazi hizo Krapf alichagua herufi za Kirumi. Hakufanya hivyo kwa kuwa Kiswahili hakikuwa na herufi. Kilikuwa nazo, za Kiarabu, kwa muda mrefu, na yeye alijua. Alizikataa kwa hoja kwamba haziziwakilishi vyema sauti za Kiswahili, na pia kwa hofu kwamba zingeufungulia Uislamu njia ya kuingia bara. Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake. Katika hati ya zamani alama moja ya irabu husomwa ama i ama e, na nyingine ama u ama o. Msomaji asiyeijua lugha hupotea. Lakini hati hiyo haikuandikiwa asiyeijua lugha, na waandishi wa Mombasa wenyewe walikuja kubuni alama za ziada kuitengeneza. Hoja ya pili haikuwa ya isimu hata kidogo. Ilikuwa siasa ya dini, na tukimfundisha mwanafunzi ya kwanza tukamficha ya pili tunamdanganya.

Hapa ndipo pana kitendawili ambacho hunifanya nimheshimu Krapf hata ninapomlaumu. Mtu huyo aliyezikataa herufi za Kiarabu alikusanya miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa herufi hizohizo, na mwaka 1854 akaikabidhi kwa chama cha wataalamu wa lugha za Mashariki huko Halle, Ujerumani. Miongoni mwake ulikuwamo utenzi wa Herekali, uitwao pia wa Tambuka, ambao utungo wake unanasibishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate na mwaka 1728. Yaani ushahidi unaompinga anayesema kwamba Krapf alikipa Kiswahili maandishi uliletwa Ulaya na Krapf mwenyewe! Laiti waandishi wa vitabu vya kiada wangeusoma wasifu wake hadi hapo.

Maradhi yalimrudisha Ujerumani mwaka 1853. Alikuja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo Ribe, lakini hakuweza kukaa. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875, akaondoka amepofuka. Miaka iliyobaki Krapf aliitumia Korntal, karibu na Stuttgart, akiichambua shehena ya maneno aliyoyakusanya yeye na mwenzake. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa, yenye zaidi ya kurasa 400, ilitoka London mwaka uliofuata.

Kamusi hiyo si nadhifu. Tahajia yake inachosha, Kiingereza chake kina ladha ya Kijerumani, na mara nyingine huchanganya maneno ya Rabai na ya Mvita. Lakini ni ghala. Neno halipewi maana tu. Huelezwa pamoja na chombo, chakula au desturi inayohusika. Tena ni ghala la Kimvita, kwani walimu wa Krapf walikuwa watu wa Mombasa, ilhali Edward Steere, ambaye kitabu chake cha mwaka 1870 kilipata wafuasi wengi, alijifunza kwa watu wa Unguja. Mkutano uliofanyika mwaka 1928, papa hapa Mombasa, uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamusi ya Krapf ilikuwa imerekebishwa na Harry Binns na kutolewa upya mwaka 1925, lakini Kamusi Sanifu ya mwaka 1939 ilijengwa juu ya kazi ya Madan, aliyekifuata Kiunguja.

Matokeo yake yako madarasani mwetu. Mtoto wa Kisauni aliyelelewa na nyanya anayesema ndia, mato, kitwa na mtele huandika hivyo katika insha, na kalamu nyekundu humpitia kama kwamba amekosa. Mwalimu ana haki ya kumfundisha njia, macho, kichwa na mchele, maana ndivyo mtihani utakavyo. Hana haki ya kumwambia kwamba maneno ya nyanya yake ni Kiswahili kibovu. Maneno hayo ni ya Kimvita, lahaja ambayo kadhi wa Mombasa alimsomesha mgeni wake mwaka 1844, na ambayo mgeni huyo aliifanya msingi wa kamusi aliyoishughulikia hadi kufa kwake.